Siku Niliyoingia Nyumba ya Mwanangu

Mama mmoja wa Tabora alinipigia simu nikiwa katikati ya majani chai, kikapu mgongoni, mikono imeganda kwa umande. Watu wa kwao ni wapole. Simu yao huanza na habari za asubuhi, habari za nyumbani, za mifugo na za mvua, na usipoangalia salio huisha mkiwa bado kwenye mbuzi. Lakini siku hiyo mifugo yangu aliiruka yote, nikajua kuna jambo. Alikuwa ameona kwenye televisheni matairi yakiungua Kenya, na binti yake alikuwa Kenya, mjini Kisii, pamoja na mjukuu ambaye ni wake na wangu.

Nikamtuliza kwa namna yangu. Nikamwambia Kisii kumetulia hivi kwamba askari wamechoka kukaa bure na sasa wanaomba kusaidia watu kuchuma chai. Maandamano ni mambo ya Nairobi, nikasema, na kati ya Nairobi na sisi kuna Bonde la Ufa zima. Mimi kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na mvi, shule ya usiku, dawati moja na kijana niliyewahi kumfundisha kuendesha baiskeli, na tangu nipate cheti jiografia haitulii mdomoni mwangu. Nikaanza kumtajia maziwa ya Bonde la Ufa, moja baada ya jingine. Alinisikiliza mpaka nikafika Magadi.

"Baba," akasema, "mimi sikuulizi ya maziwa. Kukiwaka huko, utaweza kumlinda mwanangu? Kama huwezi niambie tu, nije nimchukue na mtoto wake. Sitakasirika."

Nikasema nitaweza. Nilisema kwa sauti iliyowafanya wachumaji wa shamba la jirani wainue vichwa.

Binti yake ni mke wa mwanangu. Mwanangu alikwenda Tanzania kuendesha tingatinga kwenye ujenzi wa barabara, akarudi na mke anayesema shikamoo. Kwetu Ikonge, upande wa Nyamira, neno hilo tulikuwa tunalijua kwenye vitabu tu. Mara ya kwanza aliponiamkia nilisahau jibu, mimi mwenye cheti, nikabaki kusema asante. Kazi ilipoisha kule, mwanangu akapata nyingine Turkana, mahali ambapo simu hushika mtandao ukipanda juu ya tingatinga lenyewe, na si kila siku. Mkewe na mtoto wakabaki kwenye chumba cha kupanga mjini Kisii, chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba vingi, kati ya soko na barabara kuu.

Ubalozi wao ulikuwa umewatumia ujumbe raia wake walioko Kenya. Mke wa mwanangu alinisomea siku moja nilipompelekea ndizi. Wakae mbali na mikusanyiko. Wawe na maji na chakula ndani. Simu ziwe na chaji, pasi ya kusafiria iwe karibu, na mtu asipige picha barabarani. Nikausifu ujumbe huo, ni wa watu waliosoma. Yeye akauliza swali ambalo mwandishi wake hakulifikiria: mtu anakaaje mbali na mkusanyiko ambao njia yake inapita mlangoni kwake?

Jibu la mtu yeyote lingekuwa rahisi. Ikonge kuna vilima vya chai, ndizi na kanisa, na fujo kubwa tuliyowahi kuiona ni ng'ombe dume aliyeingia kwenye harusi. Kwa nini nisimlete huku? Hapo ndipo nilipokwama, na kwa msomaji asiye wa kwetu inabidi nieleze.

Sisi Wagusii tuna kitu tunakiita chinsoni. Ukitafsiri haraka utasema ni aibu, lakini si aibu ya mtu aliyekosea. Ni heshima iliyowekewa mipaka kama boma. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na kitanda cha mwanawe hakioni kwa macho. Mke wa mwana naye halali chini ya paa la baba mkwe. Kijana hujenga nyumba yake katika boma la babake, na mkewe analala huko. Mwanangu hakuwa amejenga. Alikuwa amesawazisha mahali pa nyumba, akaondoka, na migomba ikapaotea kana kwamba ndiyo iliyooa.

Wengi hukwepa kwa kumlaza mke wa mwana jikoni, maana jiko letu ni nyumba ya peke yake. Lakini mjukuu wangu alikuwa ametoka kuugua nimonia, na daktari alitukataza moshi kabisa. Jiko la mke wangu lina moshi wa kukausha samaki wa ziwa zima na kubaki. Basi tukapima, mimi na mke wangu, moshi wa hapa na matairi ya kule, tukaona mjini kuna afadhali. Kila wiki nikawa napeleka ndizi na maziwa, nakaa kwenye kigoda nje ya mlango, mtoto analetwa nimwone, namwombea, naondoka. Tangu waoane sikuwa nimejua ukuta wao ndani una rangi gani.

Siku yenyewe nilitoka mapema nikijua maandamano yametangazwa. Nilipanga kufika, kumwachia chakula cha siku kadhaa, na kugeuza. Kwa kweli mpango ulikuwa mzuri, ila waandamanaji nao walikuwa wamepanga kuamka mapema. Nilipofika mjini maduka yalikuwa yanateremsha milango ya chuma, moja baada ya jingine barabara nzima, na watu wanatembea ule mwendo wa mtu anayetaka kukimbia lakini anaona haya kuwa wa kwanza. Nyuma yangu pikipiki zilikuwa zimeshafunga njia ya Nyamira. Kurudi hakukuwepo.

Nikaingia kwenye ploti, mkungu wa ndizi begani. Mke wa mwanangu akaniletea kigoda nje kama kawaida, akanisalimia kwa kupiga goti kidogo, akarudi ndani. Jirani yake wa mlango wa pili, mama anayeuza samaki kutoka upande wa ziwa, alikuwa anaingiza beseni zake ndani.

"Mzee, leo pia umekuja kukaa nje kama mlinzi wa benki?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, na benki ni yangu.

"Nyinyi Wakisii mtakuja kufa na heshima yenu. Hiyo kitu wanarusha huko haijui wewe ni mkwe wa nani."

Akanikaribisha kwake. Nikamshukuru, nikakataa. Nilikuwa nimeahidi kulinda mlango mmoja, na nilitaka kuwa mbele ya mlango huo. Akafunga wake, nikasikia komeo, kisha nikasikia anasukuma kitu kizito nyuma yake.

Kwa muda ilikuwa kelele ya mbali, filimbi na nyimbo, na nusu yangu, kusema kweli, ilikuwa upande wa wale vijana. Bei ya mbolea naijua mwenyewe. Lakini nyimbo zikakatika katikati, ikaja milio mizito, halafu miguu. Miguu mingi inakuja kwetu. Nilijiambia ploti ina lango, watapita. Hawakupita. Lango lilikuwa la mabati, na vijana waliingia nalo.

Walikimbilia nyuma ya vyoo, juu ya ukuta, kila mahali. Kitoa machozi kimoja kikaanguka katikati ya ua, kikazunguka kama kitu kinachotafuta mtu wake. Nimepeleka mashambani dawa ya kunyunyizia kahawa, nimeingia kwenye jiko la mke wangu, sikuwahi kujua kwamba hewa inaweza kukupiga kofi. Koo lilijifunga. Macho yakawa pilipili tupu. Nikasikia buti za askari kwenye njia ya kuingilia, na nikaelewa jambo dogo sana ambalo hakuna darasa linalofundisha: wakati huo, mwanamume yeyote asiye na mlango mbele yake ni mwandamanaji. Hakuna atakayeuliza umri wala kigoda.

Mlango ukafunguka nyuma yangu.

"Baba, ingia."

Ningesema miguu ilikataa, lakini ni mimi niliyekataa. Nikatikisa kichwa, nikamwonyesha kwa mkono afunge.

"Baba, mtoto anapata gesi. Ingia nifunge."

Na kwa kuwa bado nilisimama, yule binti ambaye hajawahi hata kunishika mkono kwa salamu alinikamata ukosi wa koti kwa mikono yote miwili, akanivuta kinyumenyume kama anayetoa ndama kwenye shimo. Nikaanguka ndani ya nyumba ya mwanangu. Mlango ukafungwa, akasukuma komeo, akaziba chini kwa kanga aliyoitia kwenye ndoo ya maji.

Nikageukia mlango, paji la uso kwenye ubao, macho nimeyafumba. Gesi ilinisaidia hapo, maana hata ningetaka kuona nisingeweza. Nje walipita wakigonga milango. Wetu ukagongwa pia, mara moja, kwa kitu cha mbao, nikausikia mpaka kwenye meno. Wakaendelea mbele.

Kisha nikasikia mtoto. Hakuwa analia. Alikuwa anakohoa kikohozi kikavu, na kati ya kikohozi na kikohozi kulikuwa na mluzi mwembamba.

"Baba, mtazame," mamake akasema. "Mimi sioni. Macho hayafunguki."

Alipofungua mlango ili aniokoe, gesi ilimpata usoni. Yangu yalikuwa yameanza kufunguka kidogo, nikamwona ameketi sakafuni, anapapasa ndoo iko wapi. Na mtoto alikuwa kitandani, nyuma ya pazia.

Nilisimama mbele ya pazia lile, la maua mekundu, ambalo kwetu ni ukuta kuliko ukuta wa jela. Nilimfikiria babangu, ambaye hakuwahi kukanyaga kizingiti changu mpaka tukamzika. Mtoto akapiga mluzi tena. Nikalisukuma pazia kwa kiwiko, kana kwamba kiwiko si mimi, nikaingia.

Kitanda cha mwanangu nilikiona. Kina shuka la bluu. Mtoto alikuwa katikati yake, midomo imekauka, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi. Nikamwinua, nikamlaza begani wima, nikamfuta uso kwa maji safi ya chupa iliyokuwa kando ya kitanda, macho kwanza, halafu pua. Kulikuwa na dirisha dogo nyuma linaloelekea upande wa shamba la mtu, hewa ya huko haikuwa imechafuka sana. Nikalifungua kidogo, nikasimama naye hapo, magoti yangu yakigusa kitanda kile. Nikamwongoza mamake kwa sauti mpaka akapata ndoo, akanawa, akanawa tena. Nilimwambia mtoto anapumua. Nikarudia kila mara, hata pale nilipokuwa sina hakika.

Simu ikaita. Ilikuwa ya picha, kutoka Tabora. Binti akaipokea bila kuona, akaielekeza upande wangu, akidhani labda ameielekeza ukutani. Mamake akaniona. Aliona pazia, aliona kitanda, aliniona mimi nimesimama kando yake na mjukuu begani.

Kwao nako mkwe anaheshimiwa. Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Nami sikuwa na ziwa lolote la kumtajia.

"Baba," akasema taratibu. "Uko ndani."

"Niko ndani, mama."

"Basi huko nje ni kubaya."

"Ni kubaya."

Hakulia wala hakunilaumu. Aliuliza mtoto anapumuaje, nikamwekea simu karibu na kifua chake asikie. Akaniuliza binti yake atalala wapi kesho. Nikajibu, bila kumwuliza mtu, kwamba atalala nyumbani kwangu Ikonge, ndani ya nyumba yangu, mbali na moshi. Akauliza na mimi je. Nikasema jikoni.

Jioni kulipotulia, jirani muuza samaki alitutangulia kwenye njia za nyuma mpaka kwenye zahanati ya mtu binafsi, mtoto akawekewa mvuke wa dawa, mluzi ukapungua. Njiani mama huyo aliniangalia macho yangu yaliyovimba.

"Kumbe uliingia," akasema.

Nikamwomba asitangaze. Akasema yeye hatangazi, yeye anauza samaki. Asubuhi tulipanda pikipiki mbili hadi Ikonge, mtoto amefunikwa kama yai.

Mke wangu alitupokea vizuri, akamchukua mtoto, akamwandalia mke wa mwanawe uji. Kisha aliniita nyuma ya zizi. Aliniambia nimeingia nyumba ya mwanangu, hilo Mungu anajua sababu yake, lakini sasa nataka kuvunja na upande wa pili, kumlaza mke wa mwanangu chini ya paa langu. Nikamwambia siwezi kuwa nimevunja ikiwa mimi sipo ndani. Akaniuliza ni wapi nimeona mwanamume wa Kigusii mwenye boma akilala jikoni na kuku. Nikamwambia ataona leo.

Nililala jikoni. Ndugu zangu wa ukoo walikuja kunitazama kama watu wanaokwenda kuona gari lililopinduka. Mmoja aliniuliza kama nimeshajifunza kupika mboga. Mwingine, aliyenizidi umri na niliyekuwa nimemweleza yote, hakutania. Alisema itabidi tukae chini kuhusu ile nyumba ya mjini, kitanda kile kilionwa, na jambo kama hilo haliachwi hivi hivi. Nilimwambia tutakaa. Moshi wa mke wangu ulinikohoza mpaka nikaanza kuheshimu samaki.

Ningekubali kulala humo mwaka mzima. Tatizo halikuwa mimi. Yule binti alikuwa salama, lakini hakuwa amelala. Mke wangu ndiye aliyeniambia. Hakugusa kitanda alichopewa, alikuwa anakaa kwenye kiti cha sebuleni na mtoto mapajani, na kabla hakujapambazuka anatoka nje, anakaa barazani amejifunga kanga, ili nisimkute chini ya paa langu jua likichomoza. Mnajua baridi ya Nyamira kabla ya jua, ile inayoshuka kutoka kwenye majani chai. Kikohozi cha mtoto kilikuwa kinarudi.

Nikamkuta huko barazani alfajiri moja. Nikasimama mbali, kama inavyotakiwa, nikamwambia aingie ndani mtoto anapata baridi.

"Siwezi, baba," akasema. "Nikifumba macho nakuona wewe uko jikoni. Nyumba ni yako, mimi nimekutoa."

Nikamwambia yeye hakunitoa, kwanza jikoni kuna joto. Alitabasamu kidogo kwa adabu. Redioni walikuwa wanatangaza siku nyingine ya maandamano. Nilitazama mahali ambapo nyumba ya mwanangu ingekuwa, nikaona migomba. Hata tukianza kufyatua matofali siku hiyo, hayatakauka kabla kifua cha mtoto hakijaharibika tena. Nikaenda hadi mwisho wa shamba ambako simu inashika, nikapiga Tabora. Niliuliza habari zote, na za mifugo, nikafika mwisho wake. Kisha nikamwambia mama yule, "Njoo umchukue. Nimejaribu."

Tulisafiri Jumamosi. Mimi ni Msabato, sijakosa kanisa Jumamosi hata mwaka ule mvua ilipobeba daraja, lakini hiyo ndiyo siku barabara zetu zinakuwa wazi. Hata waandamanaji wengi wa kwetu wako kwenye kwaya. Mzee wa kanisa alituona tukipita na mizigo, akavua kofia.

Mpakani, upande wa Isebania, kulikuwa na foleni ya malori na wanawake wanaouza karanga. Mama yule alikuwa amesafiri safari ndefu kwa basi, amevaa kanga mbili na viatu vya raba. Tulisimama mbali kidogo, mimi na yeye, tukainamiana, hatukupeana mikono. Alimpokea mtoto kutoka kwa binti yake. Hakumbusu kwanza. Alimwinua, akaweka sikio kifuani mwake, akasikiliza hapo hapo kati ya malori, amefumba macho, na sisi sote tukangoja.

"Kuna kitu kidogo," akasema. "Kitaisha."

Halafu akanitazama. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, marefu, yana milima ndani yake. Yeye akanitangulia.

"Jengeni, baba," akasema. "Mkijenga nitamrudisha mwenyewe."

Nikamwambia tutajenga. Sikusema lini, wala kubwa kiasi gani. Mke wa mwanangu akapiga goti, akasema shikamoo kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana, nikajibu marahaba, kisha wakaenda kwenye dirisha la uhamiaji kugonga pasi. Nilibaki upande wetu mpaka kanga zao zikachanganyika na kanga za watu wengine. Nikampigia mwanangu simu. Haikushika. Nikapiga tena.